Maneno Yaliyopitia Kampene

Nyumba ya patroni wetu, tajiri wa mpunga aliyetuajiri, kule Kindu ilikuwa na chumba kimoja upande wa nyuma, karibu na magunia ya mpunga, na humo ndimo foni ilimokaa. Asiyeijua atadhani foni ni simu. Haikuwa simu. Ilikuwa redio ya kusemea, sanduku la chuma lililofungwa kwenye batri ya kamyo, yaani lori, na waya wake ulitoka dirishani ukapanda mpaka juu ya mianzi miwili iliyosimikwa uani. Simu za posta zilikuwa zimekufa zamani. Mtu aliyetaka habari za ndugu yake wa Punia au wa Kampene alikuja kwetu, akakaa kwenye benchi, akangoja zamu yake.

Mimi ndiye niliyeshika mikro, kile kipande cha kusemea. Nilikuwa nimemaliza shule ya msingi tu, na nilikuwa na haya ya kusema mbele ya watu, lakini kazi ya foni haitaki maneno mengi. Inataka herufi. Ni herufi tatu tatu, na karibu zote zinaanza na Q, ambayo tuliitamka kwa Kifaransa, "ku". QRM maana yake kuna kelele, mwingine anaingia katika njia yako. QRX ni subiri, nitakuita. QTH ni mahali ulipo. QSL, nimepokea. QRT, nafunga. Na iko moja nitakayoitaja sana hapa, QSP, nayo maana yake ni nipitishie maneno. Kindu na Punia hazikusikiana vizuri mchana, lakini Kampene ilizisikia zote mbili. Basi Punia alisema na Kampene, Kampene akaniambia mimi, mimi nikamwambia aliye kwenye benchi. Yule wa katikati ana sharti moja: apitishe kama alivyosikia. Asiongeze, asipunguze.

Sharti hilo hakuna aliyeliamini. Watu walikaa kwenye benchi wakanitazama mdomo, kama mtu anayetazama mikono ya muuza nyama. Tena kila stesheni iliyofungua ilisikia yote. Mwanamke akiuliza kwa nini mume wake hatumi kitu, stesheni ya Kibombo wamesikia, na mtu wa utawala amesikia. Huyu wa utawala alikuwa akija asubuhi nyingine, amevaa koti lake lisilo na tai, akasimama mlangoni bila kusema shida yake. Siku moja alimuuliza patroni herufi zile ni za nchi gani.

"Ni za dunia nzima, sitwayeni," patroni akajibu. Sitwayeni ni raia; ndivyo tulivyopaswa kuitana wakati ule.

"Dunia nzima njo nani?" Yaani, ndiyo nani.

Patroni akampimia mchele. Tangu hapo kila nilipotaka kusema QSL nilitazama mlango kwanza.

Aliyenifundisha herufi alikuwa kijana wa hapo hapo Kindu, aliyeshika mikro kabla yangu. Patroni alipofungua depo, ghala lake la pili, Kampene alimpeleka kule pamoja na foni ya pili. Alipokwisha kukaa huko kidogo alituma watu wake nyumbani kuniposa. Baba hakuwako. Alikuwa mpasua mbao, na wakati ule alikuwa msituni upande wa Punia na msumeno wake. Aliyewapokea wageni ni baba mkubwa, kaka yake baba, fundi wa baiskeli, mtu ambaye hata ukimpa maji anatazama kwanza ndani ya kikopo. Aliwasikiliza mpaka mwisho. Kisha akawaambia kwamba baba wa kijana ni mnywaji wa lotoko, ile pombe kali ya kupika nyumbani, kwamba Kindu nzima imekwisha kumwokota kandokando ya reli, na kwamba nyumba yetu ni nyumba ya sala. Waliondoka na kitenge chao cha posa, na habari ikamfuata baba msituni.

Kesho yake kijana, ambaye kwenye foni jina lake lilikuwa Kampene tu, aliniita kama kawaida. Alipitisha hesabu ya magunia, akafunga. Zamani alikuwa akiuliza kama mama ameamka vizuri, kama mvua imenyesha kwetu. Sasa alinipa herufi tu. Sikujua kama ni hasira au ni heshima. Kwenye foni sauti haina uso.

Hivyo ndivyo tulivyokuwa siku aliponiita akasema, "Kindu, QSP kutoka Punia. Ni ya kwenu."

Alisoma taratibu. Mpasua mbao wa kwenu amelazwa hospitali. Gogo lilimteremkia mguu wa kulia. Kidonda kimeoza. Munganga, daktari wa pale, anataka kuukata juu ya goti, bila hivyo damu yote itaharibika. Mgonjwa amesema hakatwi mpaka mkubwa wake aseme. Munganga anaomba musikawie.

Nilikwenda sokoni kumwita baba mkubwa, nikampitia mama nyumbani. Baba mkubwa alikuja na mikono ya grisi, akasimama mbele ya sanduku kama kwamba kuna mtu amejificha ndani yake.

"Nani amesema?"

"Munganga wa Punia."

"Umesikia sauti ya munganga?"

"Hapana. Nimesikia Kampene."

"Kampene njo nani?"

Alijua. Alitaka mimi niseme. Nikainamia batri, akasema mwenyewe.

"Ule mutoto wa mulevi anataka kumukata ndugu yangu muguu."

"Baba mukubwa, yeye anapitisha tu."

"Maji yakipita mu bomba ya kutu, unakunywa na kutu." Aliketi kwenye benchi, na watu wengine wakamsogelea wapate kusikia. "Tulimunyima bibi. Sasa ndugu yangu anakatwa muguu. Na habari inatoka mu kinywa chake yeye, si cha mwingine. Weye hauoni?"

Mama alikuwa amejishika shavu. "Na kama ni kweli?" akauliza.

"Na kama ni uongo? Muguu haurudi."

Kwetu mtu mzima hakatwi bila neno la mkubwa wake. Mwili wake si wake peke yake, na akifa chini ya kisu, aliyesema ndiyo atalibeba jambo hilo mpaka kufa kwake. Baba mkubwa alilijua. Lakini alijua na jambo lingine. Baba yangu hakupenda kisu hata kidogo. Alikimbia sindano, alikuwa na jino lililooza ambalo alilifunga kwa uzi na mlango kuling'oa mwenyewe kuliko kwenda hospitali. "Ndugu yangu angesema hapana," baba mkubwa aliendelea. "Hawezi kusema aulizwe mukubwa. Ameniuliza kitu gani maisha yake yote?"

Alitaka nimwite Punia mwenyewe, bila Kampene. Niliita. Kulikuwa na mlio kama mafuta ya mawese yanayokaangwa, na ndani yake sauti ndogo sana ambayo haikushikika.

"QRM," nikasema.

"Hiyo njo nini?"

"Kelele."

"Kelele ya nani?"

Nikamweleza kwamba inaweza kuwa stesheni nyingine, inaweza kuwa radi ya mbali. Sikumweleza yote. Mtu akitaka kuiharibu njia ya mwenzake, inatosha abonyeze mikro yake na kunyamaza, na hakuna atakayejua ni nani. Aliyenionyesha hila hiyo alikuwa yeye wa Kampene, siku za kufundishwa, na tulicheka. Sasa nilisikiliza ile kelele na sikucheka. Nilijaribu kuitambua, kama inavyotambuliwa pumzi ya mtu gizani.

Baba mkubwa akasema, "Aje ndugu yangu mwenyewe ku mikro."

Nikapitisha. Kampene akajibu QRX, tukasubiri. Wapagazi walikuwa wakishusha mpunga nje. Mwanamke mmoja kwenye benchi alimwambia mama kwamba shemeji yake alikatwa mguu na bado anapanda baiskeli, na baba mkubwa akamwambia kwamba baiskeli ile yeye ndiye anayeitengeneza, na kila wiki imeanguka.

Kampene akarudi. "Wamemubeba na kitanda. Iko ku mikro sasa. Fundi wa foni wa Punia iko nje, anashika mwanzi wa antena, upepo umeuinamisha. Semeni upesi."

Kwa hiyo kwenye chumba kile cha Punia baba alikuwa amelala na mikro kinywani, na kati yake na sisi kulikuwa na sikio moja tu, la Kampene. Nilimtazama baba mkubwa. Alikuwa ameliona hilo kabla yangu.

"Mwambie, miye mukubwa wake namuuliza. Anataka nini?"

Nilisema. Kampene akasema. Kisha kelele tupu.

"Kindu, QSP. Maneno yake ni haya. Kaka, muguu unanuka, miye mwenyewe siwezi kulala nao. Weye njo mukubwa. Sema."

Baba mkubwa alitikisa kichwa. "Hayo si ya ndugu yangu. Ndugu yangu hajaniambia 'weye njo mukubwa' tangu mama yetu amuzae." Alisimama. Alikuwa akijipangusa mikono kwenye suruali, na nilijua anaondoka, na kwamba Punia watakosa jibu. Mama alisimama pia. Alimshika mkono wa shati, jambo ambalo sikupata kumwona akilifanya.

"QRX, Kindu," Kampene akasema. "Anaendelea."

Tulisubiri tena.

"Anasema." Nilisikia mikro ikiachwa na kubonyezwa tena. "Anasema: nani huyu ananipitishia maneno? Ananiuliza, nimemujibu. Sasa anasema: ule mutoto wa mulevi? Anasema: sitaki maneno yangu yapite mu kinywa ya mutoto wa mulevi. Anasema kinywa ile inanuka lotoko ya baba yake. Anasema tulimunyima mutoto wetu, sasa anakuja kujipatia masikio yetu. Anasema, kaka, kama unanipenda, tafuta njia ingine. Mwisho. QSL?"

Sauti yake ilikuwa ile ile ya hesabu ya magunia. Hakuharakisha popote. Kwenye benchi mtu mmoja alicheka kidogo kisha akafunga kinywa. Nikafikiri juu ya Kibombo, na stesheni nyingine zote zilizofungua saa ile, na huko Kampene kwenyewe, maana na kule iko benchi, na watu wameketi nyuma yake wanamtazama mdomo.

"Kindu, QSL?"

Sikuweza kubonyeza. Baba mkubwa ndiye aliyesema kwanza.

"Amesema hivyo yeye mwenyewe, ule kijana? Kwa sauti?"

"Ndiyo."

"Kibombo wamesikia?"

"Wote wamesikia."

Aliketi. Alikaa hivyo akitazama sakafu, na midomo yake ilikuwa ikirudia kitu. "Hayo njo ya ndugu yangu," akasema mwisho. "Hata karibu na kufa anachagua gari ya kupanda." Kisha akamtazama mama. "Muntu anayejitukana vile mbele ya watu, atadanganya ya muguu kwa faida gani?"

Alisimama, akalikaribia sanduku.

"Waukate," akasema. "Lakini usitupwe. Uoshwe, uvishwe sanda, uzikwe. Na siku moja wanionyeshe mahali."

Nikapitisha. Kampene alirudia neno kwa neno, uoshwe, uvishwe sanda, uzikwe, akasema QSL, akafunga.

Baba alirudi mvua zilipopungua, juu ya kamyo iliyobeba mafuta. Alikuwa amekonda, suruali imekunjwa na kushonwa, na magongo aliyoyachonga mwenyewe huko hospitali, mazuri kuliko ya munganga. Watu walikuja, wakala wali na sombe ya majani ya muhogo, wakamwambia anaonekana mzima. Walipoondoka, baba mkubwa akavuta kiti.

"Maneno yale ulisema?"

"Gani?"

"Ya mutoto wa mulevi."

Baba alicheka mpaka akashika paja. "Nilisema. Alifikisha? Sikudhani. Na ya mama yake alifikisha?"

"Ya mama yake gani?"

"Nilisema na mama yake. Nilisema lotoko ile ya mume wake anaipika yeye, na wanywaji hawamulipe na feza tu."

Mama aliita jina la Mungu, akaingia ndani. Baba mkubwa alinigeukia.

"Ulisikia ya mama?"

"Sikusikia."

"Basi alipunguza."

Kisha akamwinamia baba. "Na ya muguu? Ulisema miye njo mukubwa, niseme?"

Baba aliitazama ile suruali iliyokunjwa. "Nilikuwa na homa, kaka. Matusi nayakumbuka. Ya muguu siyakumbuki."

"Ulisema ama haukusema?"

"Nasema siyakumbuki."

"Kama alijua kupunguza, alijua na kuongeza."

Mama alisema kutoka ndani kwamba bila kisu kile tungekuwa tunaongea na kaburi. Baba mkubwa akamjibu kwamba yeye haulizi habari za kaburi, anauliza nani alisema. Na niliona kwa nini anauliza. Kama baba hakusema, basi mkubwa wake alimkatisha mguu kwa neno la mtu ambaye watu wake aliwafukuza mwenyewe barazani. Tangu usiku huo alikuja nyumbani mara chache, na alipokuja hakukaa upande wa baba wenye ule mguu uliokatwa.

Nilifanya nilivyoweza. Asubuhi moja Punia alisikika vizuri, nikamuuliza fundi wake. Alisema siku ile alikuwa nje ameshika mwanzi, upepo ulimjaza masikio, hakusikia hata neno moja. Kibombo alisema alisikia Kampene tu, kama sisi. Nikabaki na kinywa kimoja. Na kinywa hicho kiliniita kila asubuhi, magunia haya, mafuta haya, QRT, na kila kilipofunga nilijiuliza kama leo pia kimeacha kitu.

Siku moja benchi lilikuwa tupu kwa sababu watu wote walikuwa kwenye salongo, kazi ya lazima ya serikali, wakifyeka majani ya barabara. Kampene alipotaka kufunga nilibonyeza.

"Kampene, siku ile ya mguu. Uliacha maneno?"

Nilisikia mikro yake ikibonyezwa.

"Niliacha. Ya mama yangu hayakuwa ya muguu."

"Na ya mguu?"

"Ya muguu nilipitisha." Kisha, "QSL?"

Nikasema QSL. Maana yake ni nimepokea. Kuamini hakuna herufi zake, au kama ziko hakunifundisha.

Sikumwambia baba mkubwa. Nilimwambia baba, akiwa anapiga randa miguu ya stuli uani. Hakuacha kazi. Kesho yake alivaa shati safi, akaniambia twende. Njia ilikuwa ndefu kwa magongo na hakutaka nimshike. Patroni alimpa kiti, lakini alikaa kwenye benchi pamoja na wengine akasikiliza, na Kampene alipoita aliinua kichwa.

"Huyu njo yeye?"

"Njo yeye."

Alinyoosha mkono, nikampa mikro. Aliishika juu chini, nikaigeuza, nikambonyezea mimi.

"Kampene. Ni miye, wa muguu."

"Nakusikia, muzee."

Nilingoja amuulize. Nilijua swali, nililijua hata na maneno yake, kwa kuwa baba mkubwa alikuwa ameliuliza mara nyingi nyumbani. Baba alitazama sanduku. Watu kwenye benchi waliacha kutafuna karanga.

"Mama yako iko namna gani?" akauliza.

Ilisikika kelele kidogo tu, hewa ilikuwa safi asubuhi hiyo.

"Iko muzima, muzee."

"Anakaa palepale, nyuma ya gare?"

"Palepale."

"Nitapita kumusalimia."

"Ndiyo, muzee," akasema. Hakusema QSL.

Baba alinirudishia mikro, akachukua magongo. Njiani alizungumza juu ya bei ya mbao. Nilimpeleka mpaka kwenye kona ya gare, kituo cha treni, akaniambia nirudi kazini, akaendelea peke yake.

Jioni nilipopita sokoni baba mkubwa alikuwa amepindua baiskeli ya mtu, anazungusha gurudumu na kulisikiliza. Alikuwa amekwisha kupata habari. Kindu si kubwa.

"Alimuuliza ya muguu?"

"Hakumuuliza."

"Alimuuliza nini?"

"Habari za mama yake. Kisha alikwenda kumsalimia."

Alilishika gurudumu, likasimama.

"Ule kijana atatuma tena watu."

"Wakija," nikasema, "muniite. Nitajibu miye."

"Utajibu nini?"

"Mutasikia siku hiyo, mu kinywa changu, si cha mwingine."

Alinitazama kwa muda, jinsi anavyotazama baiskeli iliyoletwa na mtu asiyemjua.